Wiki Aliyoliliwa Cucu Igoki

Gunia la katani likishabeba kahawa halisahau. Ulifue, ulianike juani, ulitumie miaka na miaka kufunikia maharagwe, siku mvua ikilinyeshea litatoa ile harufu yake ya vumbi tamu na mkate ulioanza kuungua. Juzi mvua ilinikuta sokoni Runyenjes, nikajibanza kwenye kibanda cha mama mmoja muuza viazi aliyekuwa ameziba upande wa upepo kwa magunia ya zamani. Nilivuta pumzi mara moja tu. Pale pale nikajikuta nina miaka kumi, nimelala chali juu ya jukwaa la Stoo kule Karurumo, macho nimeyafumba, nimekufa maji.

Ngojeni niwaeleze, maana kifo changu kilikuwa kizuri sana, na aliyekiharibu ni baba yangu mzazi. Nilimnunia kwa kosa hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumnunia mzazi.

Stoo ilikuwa ghala la kahawa kabla haijawa yetu. Miaka ile kahawa ilipopanda bei, wenye chama cha ushirika walijijengea ghala jipya la mawe, na lile la mabati wakawaachia popo. Ndipo Mama Kellen, mwenye hoteli ya chai pale sokoni, akawaendea wazee wa chama kuomba ufunguo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na nadhani wazee walimpa ufunguo ili wapate kunyamaziwa. Watu wakaanza kujitolea. Seremala alileta mbao za jukwaa, vijana wakachimba choo, akina mama wakafagia kinyesi cha popo na kumwaga maji sakafuni mpaka saruji ikaonekana. Baba yangu, Nyaga, alikuwa fundi cherehani. Yeye aliunganisha magunia ya kahawa yakawa pazia. Yalimvunjia sindano za cherehani, akamalizia kwa mkono, huku akilaani kwa adabu kwa sababu nilikuwa nimeketi karibu.

Hakuna aliyelipwa. Malipo yalikuwa chai ya Mama Kellen, na hiyo nayo ilikuwa na maziwa au haikuwa nayo, kulingana na jinsi ulivyofanya kazi.

Kila likizo ya Agosti, ukungu ukiwa umekalia vilima na sisi watoto tukitembea na mikono kwapani, kulikuwa na Wiki ya Stoo. Jumatatu ilikuwa ya kwaya, na makanisa yaliyosalimiana vizuri mwaka mzima yalitazamana kwa jicho lingine siku hiyo. Wapiga ngoma walikuja kutoka ng'ambo ya mto Thuci, upande wa Chuka, na ngoma zao ndefu za kubanwa mapajani. Walipoanza, bati lote lilitetemeka na popo wachache waliobaki wakahama mchana kweupe. Wachezaji wa Ishiara nao walipanda kutoka kule chini kwenye joto, wakitetemeka kwa baridi yetu, lakini wakishaanza kuruka ungejiuliza kama watarudi chini. Na Jumamosi, baada ya hayo yote, ulikuja mchezo wa kuigiza, ambao ndio watu waliungoja.

Mwaka huo mchezo ulikuwa "Tumbaku ya Baba". Haukuandikwa mahali popote. Wote ulikuwa kichwani mwa Mama Kellen, na ulibadilika kidogo kila alipokunywa chai. Habari yake ilikuwa rahisi: baba mmoja anamtuma binti yake ng'ambo ya mto kumletea ugoro. Mama mtu anasema mvua imenyesha mlimani, mto utafurika. Baba anasema mtoto hatumwi na mama yake peke yake. Binti anakwenda, mto unamchukua. Mwili unaletwa nyumbani, mkononi bado ameshika kibuyu cha ugoro, na baba anaanguka juu yake na kulia mpaka pazia lifungwe. Baba alikuwa baba yangu. Binti nilikuwa mimi.

Mwaka uliotangulia waigizaji walipewa majina ya kuigiza, wakayasahau yote mbele ya watu, hata mfalme akaitwa "Wewe, Njeru" na mke wake. Kwa hiyo Mama Kellen alikata shauri kwamba kila mtu aingie jukwaani na jina lake la nyumbani. Mimi nilikuwa Igoki nje ya Stoo na Igoki ndani ya Stoo. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Hapa wenzangu wa nyanda hizi wataanza kutikisa kichwa, lakini ninyi wengine mnahitaji kuelezwa. Kwetu jina halitungwi, linarudi. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake. Cucu yangu, mama yake baba, ndiye alikuwa Igoki, nami nikaja kuwa Igoki baada yake. Baba aliniita "mama" tangu siku niliyozaliwa. Hakuwahi kunichapa hata siku moja, maana nani atampiga mama yake? Kazi hiyo alimwachia mama yangu, ambaye aliifanya kwa niaba ya wote wawili. Cucu mwenyewe aliniita "wajina". Alinibakizia ndizi za kuchemsha kwenye sufuria yake kila jioni, na mtu akimuuliza anamwekea nani, alisema, "Ninajiwekea mimi."

Basi tukafanya mazoezi, na tatizo likawa moja tu. Baba hakuweza kulia.

Mwanamume wa kwetu aliyetoka jandoni halii, hilo alilijua vizuri mno. Alianguka vizuri, alishika kichwa vizuri, lakini kilio kilitoka kikavu. Mama Kellen alimpa kitunguu akisugue machoni. Kilimliza kabla mimi sijatumwa mtoni, na nilipoletwa nimekufa tayari alikuwa amekauka. Akampa ugoro wa kweli. Baba alipiga chafya mfululizo juu ya maiti yangu, na maiti ikacheka.

"Nyaga," alifoka Mama Kellen, "mtoto yako amekufa na wewe umesimama hapo kama mtu anangoja kupimiwa unga!"

"Mimi nalia ndani," baba alisema.

"Ndani nani ataona?"

Jumatatu ya wiki yenyewe, kwaya zikiimba, baba hakuwapo. Alikuwa amempeleka Cucu hospitali ya misheni. Niliambiwa anakwenda kuangaliwa macho. Walirudi Jumanne, na ngoma za Chuka zilikuwa zimeanza kusikika mpaka kwetu. Cucu aliingia nyumbani kwake na kuwasha moto. Baba aliketi kwenye cherehani yake, akaweka mguu kwenye pedali, akatazama kitambaa. Nilimpelekea uji. Niliporudi kuchukua kikombe, uji ulikuwa umeshika ngozi juu na mguu ulikuwa pale pale.

Jumatano alimwambia Mama Kellen amtafute mtu mwingine wa kuwa baba. Nilisikia kwa masikio yangu na nilitaka ardhi inimeze. Mama Kellen hakukubali. Alisema hakuna mtu anabadilisha ng'ombe katikati ya kulima. Tukafanya mazoezi ya mwisho, na kwa kuwa baba alikataa hata kujaribu kulia, Mama Kellen aliamua kumwonyesha. Alijitupa juu yangu mwenyewe, na uzito wake wote, akapiga ukemi: "Uuuui! Igoki! Igoki amekufa! Igoki wetu ametuacha!" Ulikuwa ukemi wa ajabu. Watoto wote wa Karurumo walikuwa wamening'inia madirishani, na walipotoka pale walikuwa wamepata mchezo mpya. Walishuka barabarani wakijishika vichwa, wakilia, "Igoki amekufa! Uuuui!" Wakaupitisha msiba huo sokoni, mbele ya kanisa, na kando ya lori moja lililokuwa likipakia ndizi za kupeleka Ishiara.

Mmeshaanza kuona kinachokuja. Sisi hatukuona.

Alhamisi asubuhi Cucu alikuwa ameketi nje kwenye mkeka, jua dogo la Agosti likimpiga miguuni, akichambua maharagwe. Mimi nilikuwa namsaidia, yaani nilikuwa natupa mabaya kwenye mazuri na yeye anayatoa. Tukasikia wimbo wa kanisa kutoka njia ya chini, ule wa polepole unaoimbwa watu wakienda kwenye matanga. Cucu akasimamisha mkono. "Nani amekufa?" akaniuliza. Nikasema sijui.

Walitokea kwenye ua wakiwa wamejifunga shuka, kama watu kumi hivi, akina mama wengi na wazee wawili, na vumbi jekundu la Ishiara kwenye miguu. Walibeba sukari, unga, na kuni. Mbele yao alikuwa shangazi yangu Ruguru, binti yake Cucu, aliyeolewa kule chini. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliingia akiwa ameinamisha kichwa, akaona mkeka, akaona ungo, akaona miguu ya mama yake, na akapanda na macho polepole mpaka akafika usoni.

Shangazi Ruguru alikaa chini bila kuchagua mahali. Wimbo ulikufa sauti moja moja, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mzee mmoja asiyesikia vizuri, ambaye aliendelea na ubeti mzima peke yake.

"Karibuni," alisema Cucu. "Nani amekufa?"

Ikabidi mzee mwingine akohoe na kusema, "Tuliambiwa ni wewe."

Cucu alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Shangazi Ruguru naye alikuwa akilia upya, safari hii kwa hasira, akitaka kujua ni mbwa gani aliyeleta habari ile. Mimi nilitazama maharagwe.

Lakini Cucu hakuwaacha waende. Alisema waliobeba sukari wasirudi nayo, itayeyuka njiani. Chai ikapikwa kwa sukari ya matanga yake. Walipokwisha kunywa na kulegea, akawauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mbuzi, "Sasa, mlikuwa mje mseme nini juu yangu?"

Wakaona aibu. Wakasema maneno hayo si ya kusema mbele ya mtu.

"Mbele ya nani basi?" Cucu akauliza. "Semeni. Mmetembea kutoka mbali."

Walitazamana. Mwishowe mama mmoja mkongwe, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, akaweka kikombe chini. Alisema kwamba mwaka wa njaa, akiwa bibi harusi mgeni katika nyumba yenye watu wakali, Igoki alimpa mbegu za kunde akiwa na za kwake kidogo tu, na hakumwambia mtu. Kunde zile bado anazipanda. Ndilo jambo alilokuja kusema kaburini. Alipomaliza, akachukua kikombe chake na kukitazama ndani ingawa kilikuwa kitupu. Cucu alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena, akakifungua tena.

Mchana huo habari ilifika Stoo na Mama Kellen akaita kikao. Wote waliojitolea walikuja, na shangazi Ruguru akaja pia bila kuitwa. Alisema mtu hai haliliwi. Wazee wetu walikiogopa kifo hata kukitaja, na sisi tumekwenda kukipigia mazoezi wiki nzima kwa jina la mama yake! Mama Kellen, aliyekuwa ameokoka, alisema haamini mikosi. Kisha akasema tubadilishe jina.

"Tumuite Wanjira," seremala akasema.

"Wanjira ni mama yangu," mtu akasema kutoka nyuma.

"Wambeti, basi."

"Wambeti ni cucu ya watoto wangu, na ako na presha. Mnataka kumuua kabisa?"

"Muthoni?"

Akina Muthoni watatu walisimama kwa pamoja. Hapo ndipo kila mtu alipoelewa shimo tulilokuwa tumejichimbia. Majina ya kwetu yalikuwa na wenyewe. Kila moja lilikuwa na mwanamke aliyeketi mahali fulani kwenye kilima fulani akichambua kitu, na nyuma yake mjukuu, na mbele yake kaburi la aliyempa. Hakukuwa na jina lisilo na mtu. Mwalimu Ouma, ambaye serikali ilikuwa imemleta kwetu kutoka ziwani na ambaye ndiye aliyepaka mto wetu rangi ya buluu, alishauri kwa upole tuchukue jina la mbali.

"Kama gani, mwalimu?"

"Kwa mfano Akinyi," alisema. Akakuna kichwa. "Hapana. Akinyi ni dada yangu."

Kijana mmoja akataja Yezebeli, kwa kuwa Karurumo nzima hakuna aliyempa mtoto jina hilo. Watu walifikiria kwa makini. "Ni sawa," alisema Mama Kellen, "lakini nani atalilia Yezebeli?" Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilikuwa nimeanza kuona mchezo wangu ukifa kabla yangu. Ndipo mlango wa bati ukasukumwa na fimbo, na Cucu akaingia. Hakuwahi kuingia Stoo. Alikuwa akisema nyumba ya kahawa ni ya kahawa. Alizungumza kwa Kiembu, maana Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kuuzia mbuzi, nami nawawekea hapa jinsi ninavyokumbuka.

"Tumieni langu," alisema. "Limekwisha kuliliwa, halina wivu tena."

Shangazi Ruguru alianza kusema, "Mama, tafadhali." Cucu aliinua fimbo kidogo tu.

"Leo nimesikia ya watu wa Ishiara. Nimejua mambo ambayo sikuyajua. Ya mwanangu bado sijayasikia." Akamtazama baba, aliyekuwa ameegemea nguzo mwishoni kabisa. "Nyaga atalia Jumamosi. Niwekewe kiti mbele."

Kila mtu akacheka, kwa kuwa wote walijua habari ya kitunguu. Baba hakucheka. Alitoka nje, na nikafikiri ameudhika kwa kuchekwa.

Ijumaa, wachezaji wa Ishiara wakiruka na Stoo nzima ikipiga makofi, baba alibaki nyumbani akimpunguzia Cucu gauni lake la Jumapili. Alimvalisha, akabana kwa pini ubavuni, akalishona. Akamvalisha tena, akapunguza tena. Nilidhani ni mtindo. Nilisimama mlangoni nikinung'unika kwamba tunachelewa ngoma, na Cucu akaniambia, "Subiri, wajina, fundi wako hajui kupima."

Jumamosi Stoo ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani kulikokuwa kwa watoto, na watoto wakakaa kwenye boriti. Baba alikuwa amebeba kiti cha Cucu kichwani kutoka nyumbani, kile cha kuwekea mikono. Akakiweka mbele kabisa, karibu na jukwaa hivi kwamba miguu yake ilikaribia kugusa mbao. Cucu alikaa pale na gauni lake jipya-la-zamani, mikono juu ya fimbo, kama mtu aliyekuja kuhukumu mashindano.

Mto wetu ulikuwa shuka mbili za buluu zilizotikiswa na vijana. Nilizama vizuri. Nilipiga kelele mara moja, nikainua mkono wenye kibuyu, nikapotea, na nikasikia akina mama wakivuta pumzi kwa pamoja, sauti ambayo nawaambia kweli ilinifurahisha kuliko peremende. Nililetwa, nikalazwa chali, nikafunikwa gunia mpaka kifuani. Harufu ya kahawa ilinijaa puani. Nikafumba macho na kungoja kuangukiwa na baba.

Alipaswa kusema, "Igoki, mwanangu, nimekuua kwa ajili ya ugoro," kisha aanguke. Nilisikia miguu yake ikija. Ikasimama. Nikangoja. Watu wakangoja. Nikafikiri, amesahau, huyu mtu amesahau. Nikafungua jicho moja.

Baba alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa jukwaa, mbele ya kiti cha Cucu.

"Igoki," alisema. Kwetu mtu hamwiti mama yake kwa jina, hata akiwa mzee. Akalisema tena, na safari hii jina halikumaliza kutoka. Kilio kilimtoka tumboni, kikakwama, kikatoka tena, kibaya, bila mpango, si kama ule wa Mama Kellen hata kidogo. Aliuliza mambo ambayo hayakuwa kwenye mchezo. Aliuliza ni nani atamwuliza kama amekula. Ni nani atamwita mtoto, yeye na mvi zake. Alisema kuna siku alifukuzwa shule kwa sababu ya nguo, na Igoki akauza mbuzi wake wa pekee, na hakuwahi kumshukuru, alifikiri kuna wakati. Kila mahali kwenye giza lile la mabati nilisikia watu wakipenga kamasi.

Nami nilikuwa nimelala pale, nimekufa, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akinitazama. Nilivumilia kadiri maiti inavyoweza kuvumilia. Kisha nikaketi.

"Baba!" nikasema. "Mimi niko huku!"

Watu walicheka na machozi yakiwatoka, kicheko ambacho sijakisikia tena mahali popote. Baba hakugeuka. Cucu alikuwa ameachia fimbo ikaanguka. Aliweka mkono wake kichwani mwa baba, kiganja kwenye paji la uso, vile anavyoshikwa mtoto kuona kama ana homa.

"Basi, Nyaga," alisema. "Nimesikia."

Mama Kellen akavuta pazia. Liligoma katikati, kama kawaida yake, kwa hiyo nusu ya watu waliendelea kuwaona.

Watu walisema hakujawahi kuwa na mchezo kama ule. Walimpongeza baba kwa kujifunza hatimaye. Mwalimu Ouma alimshika mkono kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda nyumbani nyuma yao nimenuna, baba akiwa na kiti kichwani na Cucu akishika kiwiko chake, wakitembea polepole, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimenuna. Jumapili tulifagia Stoo. Mama Kellen alinipa chai ya maziwa matupu, nikamsamehe yeye peke yake.

Cucu alifariki kahawa ilipoanza kuwa nyekundu. Watu wa Ishiara walikuja tena na shuka zao, na yule mkongwe wa kunde akaja, akakaa kimya, maana lake alikuwa amekwisha kulisema. Baba alisimama kaburini macho makavu. Alitupa udongo, akawashukuru wageni, akawaonyesha pa kunawa mikono. Nilisikia watu wakinong'ona kwamba mtoto wa Igoki ana moyo mgumu, alilia kwenye mchezo na kwenye kweli hakulia. Nami, Mungu anajua, niliona wana haki.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa mama yangu aliponiambia, tukimenya ndizi jikoni kwake, kama jambo ambalo alidhani nalijua siku zote. Haikuwa macho. Jumatatu ile daktari aliwaambia wote wawili, Cucu na mwanawe, kwamba uvimbe tumboni hauna tena dawa ya kuupa. Njiani wakirudi Cucu alimkataza baba kumwambia mtu yeyote kabla Wiki ya Stoo haijaisha, kwa sababu mjukuu alikuwa na mchezo na alikuwa akiungoja sana. Baba alinyamaza. Ndiyo maana Jumatano alikataa hata kujaribu kulia. Alikuwa amebeba kilio cha kweli tangu Jumatatu, na aliogopa akifungua mdomo kidogo kitatoka chote.

Kwa hiyo watu wa Ishiara walipokuja kumlilia wiki ile ile, hawakukosea sana. Na yeye alikwenda Stoo akijua, akakaa mbele, akiwa na gauni lililopunguzwa mara mbili, ili asikie. Akamwachia mwanawe mahali pa kulilia ambapo hakuna mwanamume mwenzake angemcheka, kwa kuwa wote walidhani ni mchezo. Nami nikaketi katikati ya hayo yote nikadai nitazamwe.

Shuleni Mwalimu Ouma alitufundisha kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Habari za dawa siwezi kubisha. Lakini la Cucu lilisikia kila kitu kingine.

Yule mama wa viazi alishangaa nilipotaka kununua gunia lake, tena lililolowa. Nimelianika nyuma ya nyumba. Baba bado yuko Karurumo, amezeeka, haoni tena tundu la sindano, na nikipiga hodi bado anasema, "Karibu, mama." Kesho nitakwenda kwake. Nimeyapanga maneno yangu tangu juzi pale kwenye mvua, na kuna mbuzi mmoja ndani yake, na gauni moja, na uji ulioshika ngozi. Sitangoja kuyasema kaburini.